Kioo Kisichopaswa Kung'aa

Walikutana kwenye lifti ya maabara iliyosheheni watu, sanduku la fundi wa hadubini liliponasa koti jeupe la binti mtafiti na kung'oa kifungo.

"Nitakishona," fundi alisema.

"Kwa bisibisi?"

Lifti nzima ikacheka. Tangu siku hiyo fundi akawa anakuja kutengeneza hata hadubini zisizoharibika, na mapenzi yakakolea.

Leo mtafiti alikuwa ameinamia hadubini, haelewi. Vioo vyake vyembamba vya kuwekea seli alikuwa amevidondoshea kingamwili, ile inayoshika seli zinazogawanyika tu na kuzifanya zing'ae kijani. Kimoja alikiacha makusudi bila tone, kibaki giza. Hicho kikiwaka, hata mng'ao wa vingine hauaminiki. Na kilikuwa kinawaka! Kesho msimamizi wake angekuja kuamua kama utafiti uendelee au ufungwe. Akafuta lenzi, akachungulia tena. Kijani vilevile.

Simu ikaita.

"Mpenzi, leo tunakula wapi?"

"Sijui. Sijui chochote! Yote niliyoyaamini mwaka mzima ni uongo. Niache tu, tafadhali." Akakata.

Fundi akabaki na simu mkononi, kapendeza kwa shati jipya la bluu, roho juu. Ndiyo kaachwa hivyo? Kwa kosa gani? Akapiga tena, haikupokelewa. Hakungoja lifti, alipanda ngazi mbiombio.

Alimkuta analia.

"Nimekukosea nini, kipenzi?"

"Si wewe. Ni hiki kioo. Sikukiwekea tone, na kinang'aa!"

Fundi akakitazama.

"Hiki cha pembeni? Jana ulipotoka kuongea na mama kwenye simu... nilidhani umekisahau. Nikakidondoshea. Nilitaka kukusaidia."

Mtafiti alitaka kumfokea, kicheko kikamwahi, machozi yakiwa bado yanamtiririka.

"Nusura niutupe mwaka mzima, wewe mwanamume!"

"Nisamehe. Sitagusa tena kitu chako bila kuuliza."

"Apa."

"Naapa. Na naanza kuuliza sasa hivi." Akamsogelea. "Nataka kukuoa. Utakubali?"

Mtafiti akafuta macho, akamrushia glavu.

"Vaa. Tunaandaa vioo upya, na kazi yako ni moja: kukilinda hicho cha pembeni kisipate tone."

"Na jibu langu?"

"Kilinde kwanza, mume wangu."