Kibandiko cha Salfa

— Huyu Mwanajuma wa Ruaruke ni nani?

Nasor hakuinua macho. Alikuwa dukani kwake Bungu, anapima salfa, dawa ya unga ya mikorosho, toka mfuko mkubwa kuitia vifukoni, na simu yake ilikuwa mkononi mwa Rukaiya, mchumba wake.

— Mteja.

— Mteja ndiye anakuandikia, "Usinikimbie Nasor. Njoo uone ulivyoniharibia"?

— Tangu uanze kusomea hizo haki za mnunuzi, kila mtu kwako mshitakiwa. Lete simu.

Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Rukaiya alirudi kwao na wivu wake, na asubuhi akapanda bodaboda mpaka Ruaruke kumfumania mwenzake.

Mwenzake mwenyewe bibi wa miaka sabini, kajifunga kanga kifuani, anafagia uwanja.

— Shikamoo, bibi. Natoka kwa Nasor.

— Marahaba. Afadhali amemtuma mtu. Njoo uone mikorosho yangu.

Maua yote yalikuwa meupe kwa ugonjwa wa ubwiri, yamekauka.

— Nimepuliza salfa yake mara tatu, mwanangu. Mwaka huu sina korosho. Kifuko chake hiki hapa.

Kibandiko kiliandikwa mwisho wa matumizi ni mwakani. Rukaiya aliujua mwandiko kabla hajasoma. Ulikuwa wake. Nasor alimwambia ana mkono mzuri, akampa vibandiko aandike tarehe alizomtajia, naye hakuuliza kitu.

Akapiga simu.

— Nasor, mfuko mkubwa wa ile salfa ulikuwa na tarehe gani?

— Ilipita mwaka juzi tu. Nilikuwa naitafutia pesa harusi yetu, Ruki.

— Ningekukuta na mwanamke ningelia, pengine nikasamehe.

— Haya, nishitaki. Mwandiko ni wa nani?

— Wangu. Najua.

Akakata. Machozi yakamtoka, maana bado alimpenda, na chuoni kwake wakisikia hajui watamfanya nini.

— Bibi, una karatasi?

— Ya nini?

— Nikuandikie malalamiko. Salfa mbovu ni haki yako kuirudisha na kulipwa hasara. Natia jina la muuzaji, halafu la aliyeandika kibandiko.

— Na huyo nani?

— Mimi.

Bibi akamtazama, akaitazama na pete kidoleni.

— Na harusi?

— Aliyenidanganya tarehe ya salfa, bibi, tarehe ya harusi nitamwaminije?

Akavua pete, akaanza kuandika, kwa mwandiko ule ule.