Usifuate Mvuke wa Menengai

Siku ya tisa, Cate aliweka fomu ileile chini ya kikombe cha baba yake.

Nyumba yao iko mtaa wa Kaptembwo, katika ploti ya wapangaji yenye vyumba kumi na viwili na bomba moja la maji. Asubuhi hiyo mama yake, Rahab, alikuwa akifunga sukuma wiki kwenye gunia, tayari kwenda kuuza kibandani. Baba yake, Ephantus, ni fundi wa kuchomelea wilibaro. Alikunywa chai kidogo, akaona karatasi, akakirudisha kikombe mezani.

"Hii tena?"

"Hii tena, Baba," Cate alisema.

"Si nilisema hapana?"

"Ulisema. Lakini hujasema ni kwa nini."

Cate alikuwa kidato cha pili. Shule yake ya kutwa ilikuwa imeanzisha masomo ya nje. Wanafunzi wangejifunza kusoma ramani, kupiga hema, kutoa huduma ya kwanza na kutembea msituni bila kuuharibu. Safari ya kwanza ingekuwa ya siku moja, Menengai, lile shimo kubwa la volkano lililo juu ya mji. Bila sahihi ya mzazi, hakuna kwenda. Wenzake wawili walighushi sahihi za wazazi wao. Cate alikataa kughushi, na akakataa pia kunyamaza. Mimi mtoto wa namna hiyo nampenda, ingawa kuishi naye nyumba moja kunachosha.

Sababu ya hapana ya Ephantus ilijulikana na kila mtu, ila haikutajwa. Miaka sita nyuma, mdogo wake, Muiruri, alienda kwenye mapango ya Menengai kufunga na kuomba, kama watu wengi wanavyofanya. Hakumwambia mtu. Alipoanza safari ya kurudi peke yake, ukungu ukashuka. Alipotea siku mbili ndani ya lile shimo kubwa. Wachunga mbuzi walimkuta amevunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Tangu siku hiyo Ephantus aliweka sheria kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga Menengai.

"Unataka urudi ukichechemea kama anko wako?" alimuuliza Cate.

"Anko alienda bila kuambia mtu. Mimi nakuambia kila siku."

Rahab aliinamia gunia lake kuficha kicheko. Ephantus aliondoka bila kumaliza chai.

Rahab si mtu wa kelele, lakini hata yeye alikuwa amechoka. Binti yake alikuwa akifungiwa mlango kwa kosa ambalo si lake. Jumapili, baada ya kanisa, alimwalika Muiruri chakula cha mchana. Alimwalika pia Sue, jirani wa mlango wa tatu, ambaye ni askari wa msitu. Ephantus alipowaona wote wawili, alitafuta kofia yake aondoke.

"Baba Cate, kaa," Rahab alisema. "Leo hiyo hapana yako haitoki hapa mpaka ielezwe."

Alikaa.

Sue hakumgeukia Ephantus. Alimgeukia Muiruri. "Siku ile ulipopotea, ulifanya nini?"

Muiruri alisukuma sahani yake kando. Watu walikuwa wamemcheka, wamemwombea na kumgombeza. Kumuuliza hivyo, hakuna aliyewahi.

"Niliona moshi," alisema. "Nikajua hapo kuna wachoma makaa, wataniambia njia. Kufika, hakuna mtu. Nikaona moshi mwingine mbele, nikaenda huo. Halafu mwingine."

"Haikuwa moshi. Ilikuwa mvuke," Sue alisema. "Menengai ina joto chini. Mvuke unatoka ardhini. Ukiufuata ukidhani ni watu, unazidi kuingia ndani."

"Miaka hii yote nimekuwa nikijiuliza hao watu walienda wapi," Muiruri alisema.

"Kwa hivyo ni mahali pabaya," Ephantus alidakia. "Si mnasikia?"

"Ni mahali pa kujulikana," Sue alisema. "Wewe unashika moto kila siku. Ulijifunza moto, ama uliukimbia?"

Ephantus aligeuza viganja vyake, akatazama makovu ya moto.

"Lakini usisaini kwa sababu mimi nimesema," Sue aliendelea. "Masomo haya yanaweza kufanywa vizuri, na yanaweza kufanywa ovyo. Enda shule uulize. Anayeongoza amepita hiyo njia mara ngapi? Walimu ni wangapi kwa watoto wangapi? Dawa za huduma ya kwanza anabeba nani? Nani anabaki nyuma akijua njia yao na saa ya kurudi? Ukungu ukishuka, wanafanya nini? Mwalimu akikasirika kwa sababu umeuliza, chukua fomu yako urudi nayo nyumbani."

Jumatatu Ephantus alienda shuleni, miwani ya kuchomelea ikiwa bado kichwani. Mwalimu Kimutai, msimamizi wa masomo ya nje, alijibu swali moja baada ya jingine. Hakukasirika. Kwa swali la ukungu, alimwita Cate kutoka darasani.

"Mwambie mzazi. Ukipotea?"

"Nasimama palepale," Cate alisema. "Navaa sweta mapema, kabla ya baridi kuniingia. Napuliza filimbi mara tatu, nangoja, napuliza tena. Sitafuti njia. Njia itanitafuta mimi. Na sifuati mvuke."

Ephantus alisaini. Sikudanganyi kwamba alifurahi. Alisaini kwa uso wa mtu anayemeza dawa ya minyoo.

Jumamosi walipanda Menengai, wanafunzi ishirini na walimu watatu. Asubuhi jua lilikuwa kali. Walishuka ndani kidogo kwa njia nyembamba katikati ya vichaka na mawe meusi. Saa saba mchana, walipokuwa wakirudi, soli ya kiatu cha Natalie ilifunguka. Natalie anakaa dawati moja na Cate. Wawili hao wakainama kuifunga kwa kamba. Hapo walikosea. Walipaswa kuita kwanza, wenzao wasimame. Walipoinua vichwa, ukungu ulikuwa umeshafika, na hakukuwa na mtu mbele yao.

"Tukimbie tuwashike," Natalie alisema.

"Wapi?"

Natalie alizunguka akitazama. Kisha ukungu ukaachia kidogo, akaonyesha kwa kidole upande wa chini. "Moshi, ona. Kuna watu wanapika pale. Twende tuwaulize."

Cate aliutazama. Ulikuwa mweupe, ukipanda taratibu, ukionekana kama jiko la mtu. Moyo wake ulimvuta kwenda. Alimwelewa Muiruri wakati huo kuliko siku zote.

"Hatuendi," alisema.

"Unataka tukae hapa tufe na baridi?"

"Nataka tukae hapa tupatikane." Alimshika Natalie mkono wa sweta, akamketisha chini kwa nguvu. "Nitukane ukitaka. Huendi."

Natalie alimtukana kidogo. Walivaa kila kitu kilichokuwa kwenye mikoba yao, wakakaa wamebanana. Cate alipuliza filimbi mara tatu. Kimya. Akangoja, akapuliza tena. Aliogopa, na alilia kidogo, lakini hakuacha kupuliza. Baada ya nusu saa hivi, filimbi nyingine ilijibu kutoka juu. Mwalimu Kimutai alitokea kwenye ukungu, akawahesabu ingawa walikuwa wawili tu.

"Mngeshuka hapo chini, ningewatafuta mpaka kesho," alisema. Kisha akaongeza, "Lazima niwapigie wazazi. Ndiyo sheria yetu."

"Tafadhali, Mwalimu, baba yangu niachie mpaka jioni," Cate alisema. "Acha nimwambie mwenyewe kwanza."

Mwalimu alikubali. Cate alijua hatari yake. Neno moja tu la baba yake lingetosha kumtoa kwenye masomo hayo kabisa. Lakini hakuwa amesumbua nyumba siku tisa kwa ukweli ili amalize kwa uongo.

Aliporudi, alimkuta baba yake mlangoni na Muiruri kwenye kiti cha plastiki. Walikuwa wakimsubiri tangu saa tisa.

"Nilipotea, Baba," Cate alisema, hata kabla ya salamu.

Ephantus alishika fremu ya mlango.

"Niliona moshi, kama ule wa Anko. Sikuufuata. Nilikaa, nikapuliza, wakaja. Sasa ukitaka kunikataza, nikataze. Lakini kesho fomu itakuwa chini ya kikombe."

Muiruri alinyoosha mkono, akaomba kuiona ile filimbi. Aliigeuza na kuigeuza, akafuta macho kwa kiganja.

"Hii kitu kidogo hivi," alisema.

Mwezi uliofuata shule ilituma fomu ya safari ya pili. Ilihitaji sahihi, na pia wazazi wa kujitolea kutembea na wanafunzi. Cate aliiacha mezani, akaenda kuteka maji bombani. Aliporudi kumimina chai, fomu ilikuwa chini ya kikombe chake yeye. Ilikuwa imesainiwa. Kwenye nafasi ya wazazi watakaoandamana na wanafunzi, kwa mwandiko mzito wa fundi, kulikuwa na majina mawili: Ephantus na Muiruri.