Matumbawe ya Sebuleni

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Najua alikwenda sebuleni kuwaamkia samaki. Hilo halikuwa jina lake la shuleni. Nyumbani walimpachika kwa sababu hakuna aliyewahi kumaliza kumweleza jambo bila yeye kudakia, "Najua, najua!" Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa kushika mambo, na sifa hiyo aliipenda kupita kiasi.

Chini ya dirisha la sebule lilikaa tangi kubwa la kioo. Baba yake, fundi wa vioo, ndiye aliyelitengeneza katika karakana iliyo mbele ya nyumba. Alikata vioo, akaviunga kwa gundi ya silikoni, naye Najua akashikilia pembe zisiteleze. Walitandaza mchanga mweupe, wakapanga mawe yenye matundu, kisha wakajaza maji yaliyochujwa na kuchanganywa na chumvi maalumu ya bahari. Wakasubiri wiki nyingi maji yakomae, mpaka majirani wakaanza kutania kwamba fundi anafuga mawe. Ndipo walipoleta wenyeji wenyewe: matumbawe laini yenye vidole vinavyochezacheza, konokono wawili wa kusafisha kioo, na samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Walimwita Bwana Harusi kwa jinsi alivyovalia.

Pale palipokaa tangi, zamani palikuwa na meza ya mama ya kukatia vitambaa. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule. Sasa alikatia kitandani, akiinama mpaka kiuno kikamuuma.

"Hapo nimewaazima tu," aliwaambia siku tangi lilipoingia. "Viumbe wenu wakistawi mpaka shule zifunguliwe, sawa, tangi libaki. Wakianza kufa, meza yangu inarudi, na hivyo vioo mkavitie kwenye madirisha ya watu. Sitaki nyumba ya misiba."

Kwa hiyo Najua alilitunza tangi lile kama mboni ya jicho. Baba alikuwa amebandika kipande cha utepe kwenye kioo kuonyesha kimo cha maji. Kila maji yaliposhuka chini ya utepe, Najua alikoroga chumvi kwenye ndoo, akaongeza mpaka yakafika. Hakuruka hata siku moja.

Ndiyo maana asubuhi ile hakuelewa alichokiona. Konokono mmoja alikuwa amelala chali mchangani, hajishikilii popote. Vidole vya matumbawe vilikuwa vimenywea. Bwana Harusi, ambaye kwa kawaida alimkimbilia, alikuwa amejibanza pembeni, akihema harakaharaka.

"Baba! Njoo uone!"

Baba alikuja na vumbi la kioo mikononi. Akainama, akatazama huku, akatazama kule. "Taa inawaka. Pampu inazunguka. Maji hayana joto wala baridi." Akajikuna kidevu. "Chumvi je? Umepima?"

Najua akajibu upesi: "Nimepima, baba. Iko sawa."

Huo ulikuwa uongo. Kipima chumvi kilikuwa ndani ya droo, safi kama kilivyonunuliwa. Siku walipokinunua dukani, muuza samaki alikuwa amewaonyesha baba na binti namna ya kukitumia: unatia tone la maji kwenye kioo chake kidogo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga, unachungulia. Kabla hajamaliza, Najua alikuwa ameshadakia, "Najua, najua!" Alipokichungulia nyumbani aliona buluu, aliona nyeupe, na namba ndogondogo zilizojipanga pande mbili kama siafu. Asome ipi? Hakujua. Na baada ya kusema anajua, angeanzia wapi kusema hajui? Akakirudisha drooni, akajiambia kwamba anayefuata kipimo cha chumvi kwenye ndoo hawezi kukosea.

Mchana mama alipita na kitambaa mkononi, akasimama ghafla. "Nani amechezea chaki yangu? Mbona kioo kina unga mweupe?"

"Si chaki hiyo, ni vumbi la kioo," alisema baba kutoka karakanani.

"Vumbi la kioo liruke mpaka sebuleni? Lina mabawa?"

Wakabishana, huyu chaki, huyu vumbi. Najua akasogea. Kweli, ukingo wote wa juu wa tangi ulikuwa na ukoko mweupe. Akaugusa kwa kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi!

Chumvi imefikaje huku juu? Alifikiri, akafikiri, mwishowe akaona ameng'amua. Chumvi inatoroka! Inapanda kwenye kioo na kuganda hapo, na majini imebaki kidogo. Ndiyo maana viumbe wa baharini wanaumwa. Moyo ukamtulia. Akakoroga ndoo nyingine, safari hii akazidisha chumvi makusudi, akaimimina tangini taratibu.

Kesho yake konokono alikuwa amekufa. Yule wa pili naye alikuwa amelala chali. Matumbawe yalikuwa yamejikunja kabisa, na Bwana Harusi alikuwa juu juu ya maji, mdomo wazi.

Najua alikaa sakafuni akalia. Hakuwa mvivu. Hakusahau. Kila alilofanya alilifanya kwa mapenzi, na kila alipofanya zaidi, mambo yakazidi kuharibika. Angekuwa mzembe angalau angejua kosa lake liko wapi.

Mama alimkuta hapo. Hakusema lolote kuhusu meza. Alikaa chini kando yake, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Mwanangu, hayo machozi ni ya konokono peke yake?"

Najua akamtazama Bwana Harusi anavyohema, akapiga moyo konde. "Mama, sijawahi kupima chumvi. Sijui kukisoma kile kipima. Nilidanganya."

Baba alikuwa mlangoni, amesikia yote. Najua aliinamisha kichwa akingoja kukaripiwa. Lakini baba alikwenda kwenye droo, akakitoa kipima, akakigeuzageuza mkononi kama mtu aliyeokota funguo zisizo zake.

"Hata mimi sijui," alisema.

"Lakini baba, dukani uliitikia!"

"Niliitikia kwa sababu wewe uliitikia. Nikajisemea, mtoto mdogo ameelewa, mimi mtu mzima nitauliza vipi tena? Nikategemea kwamba wewe unajua."

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Yaani mmekwenda wawili, mmeitikia wawili, na mmerudi mikono mitupu wote wawili! Haya, chukueni maji kwenye chupa. Twendeni."

Dukani, muuza samaki alitia tone la maji kwenye kipima, akachungulia, akakishusha, akakifuta, akachungulia tena.

"Fundi, samehe nikuulize. Unafuga samaki au unatengeneza samaki wa chumvi?"

Hakuna aliyecheka. Muuza samaki akaona macho ya Najua, akaacha mzaha. "Maji yakipungua, unaongeza nini?"

"Maji ya chumvi," alijibu Najua. "Si yalikuwa ya chumvi?"

"Yalikuwa. Sasa niambie, yale yaliyopungua yamekwenda wapi?"

Najua alitaka kusema anajua. Akajizuia. "Sijui."

"Vizuri. Mtazame baba yako mgongoni."

Shati la kazi la baba lilikuwa limekaukiwa na jasho, na mistari myeupe ilionekana mabegani.

"Jasho lina maji na chumvi," alisema muuza samaki. "Likikauka, maji yanaruka hewani. Chumvi hairuki, inabaki kwenye shati. Tangi lako ni vivyo hivyo. Maji yanaruka, chumvi inabaki. Wewe ukaongeza chumvi nyingine, kesho yake nyingine tena. Yanayopungua ni maji tu, basi rudisha maji tu, maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi."

"Na ule ukoko juu ya kioo?"

"Ni matone yanayorushwa na pampu. Yakikauka yanaacha chumvi kidogo, haipunguzi kitu."

Kisha akamwonyesha kipima upya. Namba inayosomwa ni pale buluu inapokutana na nyeupe, upande huu, si ule. Najua alimrudisha nyuma mara kadhaa aeleze tena, na baba naye akauliza maswali yake bila haya. Muuza samaki aliwaonya wasiwe na pupa: watoe maji kidogo, watie yasiyo na chumvi kidogo, siku baada ya siku, maana kubadili kwa ghafla pia huua.

Wakafanya hivyo, na kila mara walipima. Konokono wa pili alijigeuza, akaanza kupanda kioo. Bwana Harusi akarudi kuwakimbilia watu. Asubuhi moja kabla ya shule kufunguliwa, Najua alikuta vidole vya matumbawe vimefunguka vyote, vikicheza. Aliita kwa sauti iliyomwamsha kila mtu.

Mama alisimama mbele ya tangi kwa muda mrefu. "Haya, libaki," alisema. "Lakini fundi, utanitengenezea meza ya kukunja ukutani, wiki hii hii."

"Wiki hii hii," baba akaitikia.

"Na wewe, Najua, sikiliza. Nikimpima mteja nikasahau kipimo cha kiuno, namwita nimpime tena. Naona aibu, ndiyo, lakini aibu hiyo ni ndogo kuliko ya gauni lisilofunga. Kuuliza si ujinga. Kusema umeelewa na hujaelewa, huko ndiko kulikomuua konokono wa watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nimesikia, mama."

"Basi nifundishe na mimi hicho kipima. Siku mkiwa hampo, nani atapima?"

Najua akatia tone la maji, akafunika, akamwelekeza mama dirishani, akaeleza habari ya buluu na nyeupe. Mama akachungulia, akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena.

"Mama," Najua akamwuliza, "umeelewa kweli, au unaitikia tu?"

Mama akakishusha kipima na kucheka. "Sijaelewa hata kidogo, mwanangu. Anza upya."