Zamu ya Kobe

Jioni ile nilitoka nyumbani mapema. Sikutaka mtu aniwahi kwenye zamu niliyoipata kwa fitina. Mke wangu alikuwa jikoni, mwiko mkononi, na kama kawaida yake hakuniacha nipite hivi hivi.

"Kiberiti kinaisha. Ukirudi uje nacho. Na usirudi mikono mitupu, maana hiyo mikono yako nimeizoea."

"Kuanzia leo utasahau hayo maneno," nikamjibu.

Akacheka. "Haya, tajiri. Lakini kiberiti usisahau."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Kituo chetu cha mpakani kiko mbali na kila kitu, ikiwemo serikali. Kuna geti la bomba la chuma, upande mmoja limefungiwa jiwe ili linyanyuke kirahisi. Kuna banda la mlinzi. Kuna kamera juu ya nguzo, waya wake ulikatwa zamani na hakuna aliyetaka kujua nani aliukata. Mashine ya kukagulia mizigo bado iko kwenye boksi lake, na paka wa watu wa forodha huzalia juu yake kila mwaka.

Kwetu hakuna anayesema rushwa. Tunasema kugeuka. Mwenye mzigo akishaelewana na mkuu wa kituo, wewe mlinzi unageuka, unatazama ukuta wa banda, geti lote liko mgongoni kwako. Akishavuka anagonga pipa lililoko upande wa pili. Ngo! Ndipo unageuka tena. Siku wakubwa wakija kukuhoji unaapa bila kigugumizi kwamba hukuona kitu, na kweli hukuona. Nimegeuka mara nyingi mpaka nalijua kila tofali la ukuta ule.

Ila kugeuka kuna daraja. Mimi nilikuwa zamu ya mchana, ya wamama na matenga ya nyanya. Zamu ya magharibi, ile yenye mafuta, ilikuwa ya Kobe.

Tulimwita Kobe kwa mwendo wake, na kwa tabia yake ya kuvuta kichwa ndani kukiwa na zogo. Tuliajiriwa siku moja, tukapewa nyumba zinazotenganishwa na uzio wa mabati. Halafu ghafla mwenzangu akaanza kunyanyuka. Akaleta tangi la maji, jeusi, kubwa, likakaa juu ya mnara wake na kunitazama kila asubuhi. Akaezeka upya. Akanunua pikipiki. Nami niko pale pale, nabeba ndoo.

Roho iliniuma. Sitaficha. Nilikuwa naamka usiku kwenda kuangalia kama lile tangi bado lipo.

"Mwenzako kaweka tangi," mke wangu alikuwa akisema, "wewe unaniwekea ahadi."

Na hata kwa mke nilimwonea Kobe wivu. Karibu mwaka mzima yule mama alikuwa akikaa kibarazani kwake, ametulia, mikono mapajani. Hasemi. Hagombi. Kobe alituambia kwamba anaumwa, na nilimwona akimlisha kwa kijiko. Lakini mimi, mume wa mwanamke anayegomba hata na sufuria, nilitazama kule nikasema moyoni, jamani, kuna watu wamejaliwa.

Basi nikaenda kwa mkuu wa kituo. Nikamnong'oneza kwamba Kobe hamfikishii fungu lote. Uongo mtupu. Mkuu akanuna, akafuta jina la Kobe kwenye ubao wa zamu, akaandika langu.

Nilitarajia Kobe anirukie. Badala yake alinifuata nyuma ya banda, akanishika mikono yote miwili.

"Uliiomba mwenyewe? Hakuna aliyekulazimisha?"

"Niliiomba mwenyewe. Kwani kuna shida?"

"Hakuna. Asante. Asante sana, ndugu yangu."

Akaondoka haraka, yeye Kobe! Halafu akasimama, akarudi, akaninong'oneza sikioni.

"Kuna mama mmoja anapita magharibi. Akikuuliza unataka nini... mwambie hutaki kitu."

Nikamtazama nikacheka kimoyomoyo. Mroho huyu. Ameshiba, sasa anataka mimi nifunge.

Jua lilikuwa linazama nilipobaki peke yangu getini. Watu wa forodha walikuwa wameshafunga dirisha lao. Vumbi lilitua. Ndege waliokuwa wakipiga kelele juu ya nguzo ya kamera wakanyamaza, wote kwa pamoja.

Kisha harufu ikaja.

Udongo mbichi... kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika dirishani. Mama wa makamo, nadhifu, mkoba begani, unaweza kusema ni mwalimu anatoka kazini. Barabara yetu ni vumbi tupu, lakini viatu vyake vilikuwa vinang'aa.

"Habari za kazi, baba."

"Nzuri, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Alitabasamu tu. "Wewe ni mgeni hapa."

"Nimechukua nafasi ya mwenzangu."

"Najua. Unataka nini?"

Aliuliza kwa upole, kama anavyouliza muuza duka. Nilikumbuka onyo la Kobe. Na kulikumbuka ndiko kulikonipandisha hasira. Nikaliona lile tangi. Nikaiona pikipiki. Nikamwona Kobe anavyopita mbele ya mke wangu akisalimia taratibu na mke wangu akimtazama kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata.

"Nataka kila alicho nacho Kobe," nikasema.

"Kila?"

"Kila kitu. Kisibaki hata kimoja."

"Haya," akasema. "Umesema mwenyewe. Sasa geuka, baba."

Nikageuka.

Nilisubiri kusikia gari, au mkokoteni, au punda. Sikusikia hata geti likinyanyuliwa. Nilichosikia ni miguu. Miguu mitupu, mingi, ikikanyaga vumbi kwa mpigo mmoja... taratibu... Hakuna anayekohoa. Hakuna mtoto anayelia. Watu wengi namna ile, na hakuna hata pumzi.

Nywele zilinisimama. Lakini kijicho ni ugonjwa mbaya, hakiogopi hata pale mwenyewe unapoogopa. Nikawaza, lazima niujue mzigo wenyewe, niujue, nimpandishie bei kuliko Kobe alivyojua kupandisha. Pembeni yangu kilikuwa kile kioo cha mpini mrefu tunachokagulia chini ya magari. Kugeuka sikugeuka. Nilikiinua kioo tu, polepole, mpaka kikapita bega langu.

Nikaona.

Walikuwa kwenye mstari, kila mmoja mkono wake begani kwa aliye mbele. Macho yamefumbwa. Walivaa walivyokuwa nyumbani kwao. Mmoja alikuwa na povu la sabuni shavuni, nusu ya ndevu imenyolewa. Mwingine alibeba ndala moja. Walipita katikati ya geti lililofungwa, chuma kikawaingia vifuani na kuwatokea migongoni, na wao wanatembea tu.

Pembeni ya mstari mtu mmoja alikuwa akija upande wa kwetu, peke yake, anayumba kama aliyeamshwa usingizini. Mwanamke. Sikuiona sura yake vizuri. Sikumjali, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamefika mwisho wa mstari.

Gauni nililijua. Nililinunua mimi.

Mkono mmoja ulikuwa begani kwa yule mtu wa ndala. Mkono wa pili ulishika mwiko.

Niliita jina lake. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Nilitaka kugeuka, shingo ikakataa, kama kuna kiganja kimeikamata kwa nyuma, kiganja baridi kinachonukia udongo. Kwenye kioo nikamwona yule mama akinitazama. Anatikisa kichwa taratibu, kama anamsikitikia mtoto.

Ngo!

Shingo ikaachia. Nikageuka. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, na kwenye vumbi hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Nilikimbia. Nililiacha geti la nchi nzima bila mtu, na sikujali. Moshi niliuona kabla ya kuiona nyumba. Chakula kilikuwa kimeungua mpaka sufuria imekuwa nyekundu. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, mikono mapajani.

"Mke wangu."

Nikaipua sufuria.

"Nimesahau kiberiti," nikamwambia. "Nigombeze basi. Nimesahau."

Alinitazama. Au macho yake yalielekea niliko, sijui nisemeje. Nikamshika shavu. Lilikuwa na ubaridi wa ukuta.

Sikulala. Kulipokucha nilisikia kelele upande wa pili wa mabati. Sauti ya mwanamke, inakwaruza kwa kutotumika, lakini inapanda.

"Hivi hii ni nyumba au pango? Utando wa buibui mpaka kwenye vyombo! Na nani alikwambia ulete hilo dude juu ya mnara? Nimelala kidogo tu umeshajifanya tajiri?"

Na Kobe anacheka. Anacheka huku analia, anasema, "Gomba, mama. Gomba tu, endelea."

Niliupanda ule uzio. "Umefanyaje?" nikamuuliza. "Nambie umefanyaje!"

Kobe alivuta kichwa ndani kama kawaida yake. Hakuweza kunitazama.

"Sijafanya kitu. Uliomba changu chote, umepewa. Mke asiyesema, hilo nalo lilikuwa langu."

"Na wewe uliomba nini, mwanaharamu wewe?"

"Tangi la maji," akasema. "Niliomba tangi la maji tu."

Vitu vilianza kuja vyenyewe. Mkuu akanipandisha cheo bila kuniita. Mafundi wakaja na tangi ambalo sikuliagiza, jeusi, kubwa, wakasema limeshalipiwa. La Kobe lilipasuka wiki hiyo hiyo. Akafukuzwa kazi, pikipiki ikaibwa, sasa anauza mkaa kando ya barabara, mbele ya kibaraza changu, uso mweusi tii. Na kila asubuhi mkewe anamsema. Anamsema kwa mkaa kulowa, kwa chenji, kwa kuburuza miguu. Mimi nakaa kibarazani na kijiko mkononi, namlisha wangu uji, nasikiliza.

Jamani, namwonea wivu mtu anayegombezwa. Wivu wa tangi ulikuwa mchezo. Huu unanila nyama.

Mama yule amepita mara nyingi tangu siku ile. Mara ya kwanza nilimpigia magoti. Nikamwambia nirudishie mke wangu, chukua vyote. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, kama nimemwomba kitu ambacho duka lake halina.

"Mimi sirudishi, baba," akasema. "Mimi nahamisha. Niambie unataka nini cha mwenzako."

Niligeuka bila kutaja kitu. Nikavumilia hivyo jioni baada ya jioni. Najua maana ya kusema. Najua nani ataingia kwenye ule mstari na nani atatoka.

Leo nilipokuwa naelekea zamu, mke wa Kobe alinisimamisha penye magunia yao. Alikuwa na masizi puani.

"Shemeji, hata husalimii siku hizi! Mwambie mwenzangu kesho nitakuja kumsuka nywele, zile zimemchakaa. Hata kama hasemi, mimi nitasema kwa niaba ya wote wawili." Akamgeukia mumewe. "Na wewe umesimama nini? Mpe shemeji maji anywe, ana safari."

Kobe akanipa maji. Akamtazama mkewe namna ambayo ilinifanya nishindwe kuyameza. Nikashukuru, nikarudisha kikombe, nikaja kazini.

Ndege wameshanyamaza. Harufu ya udongo imefika dirishani, na viatu vyake vinang'aa pale pale.

"Unataka nini, baba?"

Sauti yangu leo haitetemeki hata kidogo.

"Nataka kila alicho nacho Kobe."