Kiti cha Nyuma cha Mama Nyiraneza

Onesphore alikuwa jirani yangu mtaa wa Phillips, Minneapolis. Kila siku saa nane mchana alipakia wafanyakazi saba kwenye gari lake, wote Wakongo, akawapeleka kwenye ghala moja Maple Grove.

Majira ya baridi ya 2014 abiria wawili walikufa, mmoja kwa moyo, mwingine kwa mapafu. Nafasi zao zilijazwa. Kisha Pacifique, mume wa abiria mwingine, Héritière, akalazwa hospitalini. Watu wakaanza kumtazama kwa shaka Mama Nyiraneza, mjane aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Hakuwa na mtoto wala ndugu.

Babu yake Onesphore alikuwa mtu wa kioo. Enzi za Wabelgiji wanaume wa kijiji chao walipelekwa migodini, wakarudi wakikohoa, wakafa. Aliyemlaumu mzungu alichapwa kiboko. Chifu aliyewekwa na mzungu akamwita mtu wa kioo atafute mchawi. Wanakijiji walipita mmoja mmoja nyuma ya mgongo wake, naye akawatazama kwenye kioo kidogo. Aliyetajwa alichomewa nyumba. Kabla ya kufa, babu alimwambia Onesphore: "Sikuwahi kuona kitu. Nilitaja wasio na wa kuwatetea."

Siku moja, Pacifique akiwa bado hospitalini, nilikuwa nazoa theluji kando ya gari la Onesphore. Hakuna aliyepanda.

"Papa Onesphore," Héritière alisema, "babu yako alikuwaka mtu wa kioo. Kioo iko mbele yako. Angalia."

"Mambo ya kale hayo. Tutachelewa."

"Ama macho uliyaacha kwenye kambi ya wakimbizi?"

Mtu mmoja alicheka. Kisha wakapanga mstari. Onesphore alikaa kwenye usukani, macho kwenye kioo, nao wakapita nyuma ya gari. Mama Nyiraneza alipita wa mwisho, na mfuko wake wa chakula. Akaja dirishani.

"Mwanangu, umeona nini?" alinong'ona.

"Sijaona kitu, mama."

Kisha Onesphore akapaza sauti: "Ni yeye."

Mama Nyiraneza hakulia. "Basi nitakaa pale nyuma mpaka uone."

Wakamwacha. Akaanza kwenda kazini kwa basi. Siku ya tatu alikutwa kituoni, amekaa, amekufa. Baridi, daktari aliandika. Pacifique alikufa wiki hiyohiyo.

Jumatatu Onesphore alikuta mkanda wa kiti cha nyuma umefungwa. Akaufungua. Jumanne ulikuwa umefungwa. Akaukata kwa kisu.

Abiria waliacha kuja. Akafunika kioo kwa kitambaa.

Mwezi wa Aprili Onesphore aliingia jikoni kwangu, akaweka funguo za gari mezani.

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Gari limejaa. Wale wa babu pia."

Akatoka. Sijamwona tena.

Asubuhi nilifungua gari. Lilikuwa limelala nje, barafu kwenye vioo. Mikanda yote ya abiria ilikuwa imefungwa. Hata ule alioukata.

Nilishika chuma cha mkanda huo. Kilikuwa na joto.