Panda ya Mshipa

Tauno Hyvärinen alikuwa akipasua kuni kando ya sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, shoka likamponyoka. Kifua kilimbana kama kimefungwa kamba. Maumivu yakapanda hadi kwenye taya, yakashuka mkono wa kushoto. Akakaa juu ya gogo, jasho likimtoka katikati ya theluji.

Mkewe, Irja, alimwona kupitia dirisha. Akatoka mbio bila koti.

"Tena?"

"Kiungulia tu. Yule samaki wa jana."

"Wiki ya pili sasa, samaki huyo huyo! Twende hospitali."

"Siendi. Eino alikwenda. Yuko wapi?"

Eino, mdogo wake Tauno, aliwekewa kichuma kwenye mshipa wa moyo wakati wa kiangazi. Krismasi haikumkuta. Tangu msiba ule Tauno hakusikia la mtu: chuma ndicho kilichomuua ndugu yake.

Irja hakubishana tena. Aliingia ndani, akapiga simu ya dharura.

Hospitalini, daktari Lehtovaara, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimwonyesha picha.

"Mshipa huu unaulisha moyo damu. Hapa unagawanyika, kama njia panda. Mafuta yameziba hapo hapo kwenye panda. Ni mahali pabaya."

"Pabaya kwa nini?"

"Nikiipanua njia kubwa, ule uchafu unaweza kusukumwa ukaziba njia ndogo. Kwa hiyo kwanza napitisha waya mwembamba katika njia zote mbili. Kisha naweka kibomba cha wavu wa chuma kwenye ile kubwa. Ndogo ikibaki wazi, naiacha. Ikibanwa, napitisha puto kwenye tundu la wavu, naifungua. Kibomba cha pili naweka ikibidi tu."

"Ndugu yangu alikufa na chuma hicho."

"Alikuwa akimeza vidonge vyake?"

"Aliviacha. Pua ilimtoka damu. Halafu alijisikia mzima."

"Damu hupenda kuganda kwenye chuma kipya. Vidonge ndivyo vinavyoizuia. Ukiviacha ghafla, mshipa unaweza kuziba mara moja. Sikumtibu ndugu yako, siwezi kuapa. Lakini hivyo ndivyo tunavyowapoteza wengi. Pua ikitoka damu, mpigie daktari simu. Usiache mwenyewe, hata ukijisikia mzima."

Tauno alitazama ukuta. Kisha akasema, "Basi fanya."

Waliingiza waya kupitia mshipa wa kifundo cha mkono wake. Alikuwa macho. Kibomba kilipofunguka, maumivu yalirudi kwa nguvu.

"Njia ndogo imeziba," daktari aliwaambia wenzake. "Tauno, vumilia. Naifungua."

Tauno hakuvumilia kimya. Alimwita Eino, akamwita tena. Daktari alipitisha waya kwenye tundu la wavu. Akajaza maputo mawili kwa pamoja, moja katika kila njia, ili wavu ukae sawa. Kidogo kidogo ile kamba kifuani ikalegea.

Alipona, lakini si kabisa. Alikuwa amechelewa, na sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imekufa.

"Iliyokufa haifufuki," daktari alimwambia. "Tutailinda iliyobaki."

Tauno aliacha sigara, akapunguza chumvi na siagi. Msituni hakurudi tena kukata miti. Lakini theluji ilipoyeyuka, aliweza kutembea na Irja hadi ziwani, polepole, bila maumivu.

Jumapili moja alimweleza Sirkka, mjane wa Eino, yote aliyoambiwa. Sirkka alisikiliza, kahawa ikapoa mbele yake.

"Kwa hiyo ilikuwa kuacha vidonge tu," alisema mwishowe. "Na nilikuwa nikiviona mezani kila siku. Nikadhani kapona."

Tangu siku hiyo Sirkka humpigia simu kila asubuhi.

"Shemeji, umemeza?"

"Nimemeza."

"Vyote? Usinidanganye, we mzee."

"Haki ya Mungu, vyote. Irja yuko hapa, muulize."

Sirkka hushusha pumzi ndefu. Kisha hukata simu bila kuaga.