Mfupa Tuliompa Jina

Jioni ile nilikwenda korongoni kuchimba mihogo, kwa kuwa mke wangu alikuwa hapiki tena mpaka asukumwe. Ulikuwa mwaka 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara ya Nachingwea pamoja na nusu ya shamba letu hapa Lionja. Mwanetu Severini alikuwa ametoka kwenye machimbo ya vito, Ruangwa, anarudi nyumbani kwa miguu. Wenzake walimwona akipita Mbekenyera. Baada ya hapo, hakuna aliyemwona.

Ukingo wa korongo ulikuwa umemeguka. Kwenye udongo mwekundu ulichomoza mfupa.

Mrefu kama paja la mtu mzima.

Niliugonga kwa bapa la panga. Ulilia kama jiwe. Enzi nikifundisha elimu ya watu wazima niliwahi kusoma kwamba mfupa wa kale uliogeuka jiwe ukiulamba hunata. Basi nikatazama huku na huku, mzee mzima, nikaulamba.

Ulinata.

Na nilipoutoa ulimi, nilihisi... kama upande wa pili nao unavuta.

Kesho yake niliupeleka wilayani ndani ya kiroba. Polisi walisema kama ni jiwe, si lao. Watu wa madini walisema kama ni mfupa, si wao. Wa maliasili waliniuliza kama nina kibali cha kukaa na nyara ya serikali. Bwana mmoja mpole alinishauri niandike barua makao makuu, kisha nisubiri miaka michache.

Dionisia, mke wangu, hakuwa na miaka michache. Alikuwa anakauka kama samaki juani. Umri wa mfupa haukumhusu. Alitaka kujua kama ni wa mwanawe.

"Mama Severini, hili ni jiwe. La kale mno. Pengine mnyama..."

"Baba Severini, jiwe gani lina fundo la goti?"

"Nimekwambia nimeulamba, umenata."

"Nilambe na mimi. Utaona nami nimekuwa jiwe."

Kwao, Wamakua, mambo kama haya hayaulizwi kwa barua. Huulizwa kwa unga. Unga wa mtama humiminwa taratibu kwa vidole mpaka usimame kama kichuguu, jina la marehemu likatajwa, kisha ukafunikwa kwa chungu. Asubuhi ukikutwa umesimama, aliyeitwa amekubali. Ukiwa umebomoka, si yeye.

Dada yake mkubwa, Josephina, alikataa kushika unga.

"Mdogo wangu, jina hutajwa kwa mtu mliyemzika mkimwona. Hicho hamkijui. Kikiitika kitu kingine?"

"Kiitike," alisema Dionisia. "Chochote, dada. Mradi kiitike."

Akaumimina unga juu ya mfupa. Akamwita Severini, mwanangu, Severini. Nami nikaita pamoja naye.

Alfajiri tulifunua chungu.

Unga ulikuwa umesimama. Ncha kali, hakuna chembe iliyoporomoka. Ila...

Ulikuwa umekua.

Ulijaa chungu hadi juu, ilhali tulikuwa tumemimina konzi moja tu. Josephina alivaa khanga yake akaondoka bila kuaga. Dionisia alilia, akala ugali kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kanisani waliomba cheti cha kifo. Anayetoa cheti aliomba maiti. Tukauzika mfupa bila vyote viwili, nyuma ya nyumba, tukasimika msalaba wenye jina la mwanetu.

Wiki haikuisha. Jua lilikuwa linazama, tunakoka moto.

"Hodi..."

Mlango wa mbele. Sauti ya Severini!

"Mama, nifungulie. Maji yalinizuia Nanganga."

Dionisia aliruka. Kabla hajafika, mlango wa uani ukakwaruzwa.

"Mama..." Sauti ileile, imechoka. "Mama, unaongea na nani? Usimfungulie huyo."

Dionisia alirudi nyuma hatua moja.

"Wa uani ndiye yule," Dionisia alininong'oneza. "Si tumemzika hukohuko?"

Hoja ilikuwa safi. Nilitikisa kichwa kukubali. Akafungua mbele.

Aliingia Severini. Mkavu. Hana tope hata kwenye nyayo. Akaleta harufu ya kisima kilichofunikwa muda mrefu. Mama yake alimkumbatia, akawa anasema, "Baridi gani hii, mwanangu, baridi gani..."

Uani, yule mwingine alibembeleza kidogo. Kisha akaanza kukohoa. Kikohozi kirefu, chenye mluzi ndani yake.

Severini ana pumu tangu anatambaa.

Halafu nikafikiri jambo ambalo nilipaswa kulifikiria mapema. Mgeni ndiye hubisha hodi mbele. Mtoto wa nyumba huingia kwa uani.

Nilikimbilia mlango wa uani. Aliyeingia alikuwa ameshauegemea.

"Kaa, baba," alisema polepole. "Huko nje hakuna mtu."

Dionisia alikuwa anampakulia chakula, anacheka na kulia. Hakunitazama. Kikohozi kilikuwa kinaondoka, kinashuka kuelekea korongoni, kinazidi kuwa chembamba.

Nilijaza kifua pumzi, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Severini!"

Kikohozi hakikusimama.

"Naam, baba," akaitika yule wa ndani.